Kovu la mafuta ya moto na sindano za peptidi

Swali: Niliungua mkono kwa mafuta ya maandazi miezi 4 iliyopita, na sasa kovu limeinuka, linang'aa na kuwasha. Muuza vipodozi ananishauri nichomwe sindano za peptidi. Je, zinafaa?

Jibu: Pole sana, dada. Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Ile ya shaba, GHK-Cu, aliyoigundua mtafiti Loren Pickart mwaka 1973 katika damu ya binadamu, huchochea seli maabarani kutengeneza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, ilhali kovu lililoinuka tayari lina kolajeni kupita kiasi. Sindano ya dukani, isiyojulikana usafi wake, nakusihi uikatae. Bandika plasta ya silikoni saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi 2 hadi 3, na kovu likivuka mpaka wa jeraha, mwone daktari wa ngozi, anayeweza kulichoma dawa ya steroidi.