Hofu ilinifanya muongo

Ndugu zangu, hii habari nimekaa nayo muda mrefu ila naona kuna mtu anapitia kama nilivyopitia mimi, acha niiseme.

Mama yangu alifariki usiku na taarifa nilipewa kwa simu, saa nane usiku. Tangu hapo simu ikilia usiku natetemeka mwili mzima, nikawa nalala nayo chini ya mto, nashtuka naiangalia, naiweka, baada ya dakika kumi naiangalia tena, asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na nilikua nimeokoka, tena naimba kwaya, kwahiyo sikumwambia mtu yeyote, niliona aibu, mtu umeokoka unaogopa nini?

Sasa hofu ukiifuga haikai sehemu moja. Yangu ilihamia mpaka kazini. Nilikua nashika hesabu za stoo, siku moja nikaingiza mzigo mmoja mara mbili kwenye komputa, kosa la kawaida kabisa, ningesema siku ileile lingeisha, lakini niliogopa nikachezea namba za mwezi uliofuata ili zilingane, halafu nikadanganya nilipoulizwa, uongo ukazaa uongo, wiki tatu nzima, mpaka mwenzangu tunayekaa meza moja akaanza kuulizwa yeye kwa kosa ambalo hata halijui. Nilimuona anatoka ofisini kwa bosi macho mekundu. Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.

Usiku ule nikafungua Zaburi ya 56, ile Daudi aliyoimba Wafilisti walipomkamata Gathi. Mstari wa 3 anasema "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nilikua naujua tangu Sunday school, lakini usiku ule nikagandia hapo kwenye "siku ya hofu yangu". Yaani Daudi alikua na siku ya hofu, anaiita YANGU, na anaisema mbele za Mungu bila kujificha! Mimi miaka yote nilikua naomba kama mtu asiyeogopa chochote, naomba kwa sauti kubwa kumbe ndani nakufa. Nikapiga magoti nikasema Baba, naogopa kufukuzwa kazi, naogopa kuonekana mwizi, naogopa simu, naogopa kumpoteza mtu mwingine. Nililia sana. Ndio ilikua sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya muda mrefu.

Kesho yake nikaenda kwa bosi. Mlangoni mkono ulikua unatetemeka, msidhani hofu iliondoka, ilikuwepo vilevile, ila sasa kulikua na Mtu ninayemwamini kuliko ninavyoiamini hiyo hofu. Nikasema yote na nikasema mwenzangu hana kosa. Bosi alikasirika kweli, nikapewa barua ya onyo na nikatolewa kwenye hesabu miezi kadhaa. Nawaambia hili kwa sababu kuna mahubiri yanafanya watu waamini ukitii kila kitu kinanyooka siku hiyohiyo, hapana, niliumia. Ila nikaenda kumuomba msamaha mwenzangu, na usiku nikalala. Pale 1 Yohana 4:18 pameandikwa "hofu ina adhabu", na mimi nilishajiadhibu wiki tatu kabla ya mtu yeyote kuniadhibu.

Kwahiyo wewe unayeogopa, itaje hofu yako kwa jina ukiwa kwenye maombi, usizungukezunguke. Halafu tafuta mtu mmoja anayetunza siri umwambie, mimi nilimwambia mama mmoja wa maombi na hakunikemea, alinishika mkono tu akasema hata yeye. Na mwili pia ni wa Mungu jamani, Eliya alipomkimbia Yezebeli akaomba afe, malaika hakuanza kumhubiria, alimpa mkate na maji akalala tena, ipo 1 Wafalme 19. Kama hulali wiki na wiki nenda hospitali, kumuona daktari sio kukosa imani, na anayekwambia ni kukosa imani usimsikilize.

Simu yangu siku hizi inalala sebuleni. Juzi ililia usiku, moyo ukaruka kama zamani, nikatembea gizani huku nasema siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe, nikapokea. Alikua dada yangu, mtoto wake ana homa, wako njiani kwenda hospitali na anaogopa. Nikakaa chini pale sakafuni tukaomba wote mpaka akaniambia wamefika.