Waifai imepotea baada ya kupandisha Windows 11

Sheikh wangu, kama waifai imepotea tangu ulipotoka Windows 10 kwenda 11 basi usikimbilie Darajani kununua kadi mpya ya waifai, kadi haijafa hiyo, mara nyingi draiva tu, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi, ndo haijakaa sawa. Ichomeke simu yako kwa waya wa kuchajia, washa tetharingi ya USB, yaani simu kuigawia kompyuta intaneti kwa waya, kompyuta itapata intaneti hapohapo, kisha ingia saiti ya waliotengeneza hiyo mashine ushushe draiva ya waifai ya modeli yako. Mie ya nyumbani Chake ilibaki na ile alama ya dunia tu pale chini, nkafanya hivi ikarudi. Ikigoma rudi kwenye 10, lakini una siku 10 tu tangu upandishe, na folda ya Windows.old usiiguse, ndo inayokurudisha!