Ukali wa kijana na picha ya ubongo wake

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 13. Tangu mwaka jana, nikimkumbusha tu habari ya simu au madaftari, anafoka na kubamiza mlango, na juzi alimsukuma dada yake akaangukia meza. Shemeji yangu amesoma kwamba vijana wakali wana sehemu ya ubongo iliyo kubwa kuliko kawaida, naye ananihimiza nikampime mtoto kwa MRI. Je, nitafute hizo fedha? – Mama M., Morogoro

JIBU: Hapana, Mama M., fedha hizo zina kazi nyingine, ingawa alichosoma shemeji yako kina chanzo cha kweli. Mwaka 2008 Sarah Whittle, Nicholas Allen na wenzao wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti uliohusu vijana 137 walio katika umri wa kuingia balehe. Vijana hao walipigwa picha za ubongo kwa MRI, na pia kila mmoja aliketi na mzazi wake kuzungumzia mambo yanayowakosanisha nyumbani, huku kamera ikirekodi. Watafiti walizichambua video hizo kwa makini, wakiangalia sauti, uso na maneno, ili kujua kijana akishakasirika hukaa katika hali hiyo kwa muda gani. Ilionekana kwamba wenye amigdala kubwa zaidi, yaani kile kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambacho hushughulikia hofu na kuhisi tishio, walielekea kudumu katika ukali kwa muda mrefu zaidi. Kwa wavulana peke yao, muda huo ulihusiana pia na tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia wa sehemu ya mbele inayosaidia kuzuia hisia.

Hata hivyo, hayo ni mahusiano yanayoonekana katika kundi zima, na hayamwezeshi daktari kuitazama picha ya mtoto mmoja akasema huyu ni mkorofi na yule ni mpole. Isitoshe, Graeme Fairchild na wenzake, walipowapima nchini Uingereza wavulana wenye matatizo makubwa ya tabia, waliripoti mwaka 2011 kwamba amigdala zao zilikuwa na ujazo mdogo kuliko za wenzao. Sasa shemeji yako angeogopa ipi, kubwa au ndogo?

Mimi ningejali zaidi kwamba kilichopimwa Melbourne ni muda wa ukali, na muda huo hauko mikononi mwa kijana peke yake. Mwanao akifoka nawe ukapandisha sauti, ugomvi unapata kuni. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba mtazungumza baada ya chakula, uondoke, kisha baada ya chakula mzungumze kweli. Kumsukuma dada yake ni jambo la kukatazwa waziwazi, bila kusubiri balehe ipite. Chunguza pia usingizi wake, kwa sababu katika umri huu saa ya mwili husogea mbele na usingizi huchelewa kuja, na simu ikilala kitandani pamoja naye hali huwa mbaya zaidi. Uliza kwa upole kama shuleni kuna anayemwonea.

Mpeleke kwa daktari upesi iwapo mabadiliko yalianza baada ya kuumia kichwa, au yanaambatana na kifafa, maumivu makali ya kichwa au kutapika asubuhi, na vilevile akizungumzia kujidhuru. Hapo daktari ndiye atakayeamua kipimo kinachofaa.

SWALI: Kama ubongo wa kijana haujakomaa, je, sisi walimu tusimwadhibu anapopigana? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, kutokukomaa hupunguza lawama bila kuifuta. Mahakama Kuu ya Marekani ilipitia njia hiyo: mwaka 2005 ilipiga marufuku hukumu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18, na mwaka 2010, ikitaja pia elimu ya ubongo, ikaondoa kifungo cha maisha kisicho na nafasi ya kuachiliwa kwa vijana ambao hawakuua. Hakuna aliyeambiwa aende nyumbani bila kujibu kosa lake. Kwako, ningependekeza adhabu isitolewe pale pale uwanjani mbele ya wenzake, kwa kuwa kijana anayetazamwa na rika lake huchagua hatari ambayo akiwa peke yake angeiepuka. Mtenge na wenzake, mwache atulie, kisha umtake aeleze alichofanya na namna atakavyomfidia aliyeumizwa. Na kiboko kiache, maana nchini Kenya sheria imekwisha kukikataza shuleni.