Chagua stesheni kabla ya chumba: ushauri kwa wanaohamia Tokyo

Wengi wanaohamia Tokyo kwa masomo au kazi huanza kutafuta chumba kwa kuulizia kodi, ilhali wenyeji huanza na stesheni. Niliishi miaka kadhaa magharibi ya jiji, jirani na stesheni ya Kunitachi kwenye reli iitwayo Chuo (jina la Kijapani, Chūō), na ushauri wangu kwa ndugu wanaojiandaa kwenda huko ni kwamba waifahamu stesheni kwanza, ndipo wazungumze na dalali.

Chunguza ni treni zipi zinazosimama hapo. Kwenye reli ya Chuo kuna kaisoku, ambayo kuanzia Mitaka kuelekea magharibi husimama kila stesheni, na kuna tokkai, ambayo huruka nyingi. Tokkai ikitoka Shinjuku, stesheni kubwa ya mjini, husimama Nakano, Mitaka, Kokubunji, kisha Tachikawa. Kunitachi, iliyo kati ya hizo mbili za mwisho, hupitwa kwa kasi, na hakuna konda wa kumwambia akushushe kama kwenye daladala. Aliyepanda tokkai na ashuke Kokubunji, ambako mara nyingi hukuta kaisoku ikisubiri ng'ambo ya jukwaa lilelile. Kwa hiyo usitegemee ramani pekee, kwani stesheni ya mbali inayosimamisha tokkai yaweza kukufikisha mjini mapema kuliko ya karibu isiyoisimamisha.

Matangazo ya vyumba hutaja dakika za kutembea hadi stesheni, na hesabu yake ni mita 80 kwa dakika, bila kujumlisha muda wa kusubiri taa za barabarani. Itembee njia hiyo mwenyewe, ikiwezekana usiku na ukiwa na mzigo, kabla ya kutia saini. Ukiamua kutumia baiskeli, ulizia maegesho ya kulipia, kwa sababu zinazoachwa ovyo mbele ya stesheni huchukuliwa, na kuzikomboa ni gharama.

Kisha kuna teiki, yaani pasi ya kusafiria kati ya stesheni mbili, inayokuruhusu kushuka popote katikati bila nyongeza. Ya miezi sita ni nafuu kuliko kulipia mwezi mmoja mmoja, lakini usiinunue kabla hujaridhika na chumba. Waajiri wengi hulipia nauli ya wafanyakazi wao, uliza mapema.

Asubuhi za siku za kazi, panga foleni kwenye alama za jukwaani, weka mkoba kifuani na uzime mlio wa simu. Behewa la mbele kabisa la treni ziendazo mjini saa hizo ni la wanawake. Usisimame juu ya vigae vya njano vyenye vinundu: ni njia ya wasioona, iliyobuniwa na Seiichi Miyake na kutandazwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967.

Ukipanga kukutana na mtu Kunitachi, mwelekeze kwenye jengo la zamani la stesheni lenye paa jekundu la pembetatu. Lilijengwa mwaka 1926, likabomolewa kwa uangalifu 2006 ili reli iinuliwe, na likasimamishwa upya 2020. Kwa macho yangu ndilo jengo zuri kuliko yote kwenye reli hiyo.

Treni ikichelewa, chukua getini cheti cha ucheleweshaji au ukipakue kwenye tovuti ya kampuni ya reli. Walimu na mabosi wanakijua na hukipokea bila maswali.