Nina mimba ya miezi mitano na nakula pemba (udongo wa kula) kila siku, mtoto ataathirika tabia?

SWALI: Habari dokta, naandika kutoka Ilula, Iringa. Nina mimba ya miezi mitano na nakula pemba kila siku, nisipoipata hata usingizi siupati. Nimesikia sumu za kwenye chakula zinafanya mtoto azaliwe mtu wa hasira asiyetulia. Sasa mwanangu wa kwanza ana miaka minne, mkorofi, anapiga wenzake, na yeye nilimbeba nikila hivohivo. Mume wangu analima nyanya, anapiga dawa mwenyewe. Nimekosea wapi na nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu pole, na asante kwa kusema ukweli maana wengi wanaificha pemba hata kwa nesi. Mimi ni afisa lishe, daktari wako wa kliniki bado unamhitaji.

Tuanze na hiyo pemba kwasababu ndo inayonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyoandika. Udongo wa kula umepimwa nchi mbalimbali ukakutwa na madini ya risasi na aseniki, Uingereza wameshawaonya wajawazito wasiuguse. Risasi ninayosema ni madini yaleyale ya kutengenezea risasi za bunduki, mwili unayachukua ukidhani ni kalsiamu unayahifadhi kwenye mifupa, halafu ukibeba mimba mifupa inaachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto na risasi inatoka nayo, inapita kondo la nyuma inaenda moja kwa moja kwenye ubongo unaojengwa. Watoto waliopata risasi nyingi ndo hao wanaoshindwa kutulia, wanaochukua hatua kabla ya kufikiri, darasani hawashiki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wao wa 2021 unataka damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe kiondolewe.

Sasa kwanini unaitamani hivyo? Mara nyingi ni damu imepungua, na hapo kuna mtego mbaya, mwili wenye upungufu wa madini ya chuma unanyonya risasi nyingi zaidi. Kwahiyo usijilazimishe tu kuacha kwa nguvu, kapime wingi wa damu, meza zile fefo (vidonge vya kuongeza damu) kila siku (najua zinachafua tumbo, meza usiku baada ya kula), na usizimeze na chai maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Uliza na dawa ya minyoo, udongo unaleta minyoo na minyoo inanyonya damu.

Kuhusu mkubwa wako, usijihukumu. Tafiti za risasi na tabia zinalinganisha mamia ya watoto kwa pamoja, haziwezi kumnyooshea kidole mtoto mmoja zikasema huyu ni pemba ya mama yake. Miaka minne, mama ana mimba nyingine amechoka, baba yuko shamba, kupiga wenzake hapo kuna sababu nyingi sana. Ila kama anachelewa kuongea au haelewi anachoambiwa mpeleke aangaliwe, usingoje shule.

Dawa za nyanya nazo zipo kwenye hesabu, baadhi ya viuatilifu vinahusishwa na matatizo ya umakini kwa watoto waliokutana navyo tumboni. Mzee avue nguo za shamba nje na zifuliwe peke yake, afue mwenyewe sio wewe, pampu isilale ndani, na yale makopo ya dawa kamwe yasiwekwe maji wala mafuta.

Mahindi na karanga: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ushahidi wake mkubwa uko kwenye ini na ukuaji kuliko tabia, lakini mtoto wa uji wa lishe anaweza kuila kila siku na kupika hakuiondoi. Chukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika kadhaa, iache robo saa. Chumvi iking'ang'ania kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani, juu ya turubai sio chini. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu usizipe hata kuku.

Wiki hii nenda kliniki mwambie nesi wazi "nakula pemba", majibu ya damu ukiyapata niandikie hapa tuangalie chakula chako pamoja.