Tubadili muziki wa stesheni au tubaki tulivyo?

Ndugu, umesema stesheni yenu ya redio inapiga nyimbo za zamani, na bosi anataka mhamie muziki mpya kwa kuwa stesheni mbili za jirani ndiko zinakovuna matangazo. Mimi ningemwomba asubiri.

Mkienda huko mtakuwa wa tatu kugombea sikio lilelile, huku mkimwacha msikilizaji ambaye leo hakuna stesheni nyingine inayemgombea. WCBS-FM ya New York ilijaribu Juni 2005: ikaacha vibao vya zamani na kuleta mseto wa nyimbo usio na watangazaji. Wasikilizaji walikasirika, wengi wakahama, na Julai 2007 vibao vya zamani vikarudi hewani. Hiyo ni stesheni kubwa yenye fedha. Sijui nyie mngevumilia miaka miwili namna hiyo.

Ila bosi hajakosea kila kitu. Msikilizaji wa "zamani" naye anazeeka, na wenye matangazo wengi hutafuta watu wa miaka 25 hadi 54. Kwa hiyo sogezeni zamani yenyewe: kama mnaishia miaka ya 1970, ingizeni ya 1980 na 1990 polepole, mkianza na vipindi vya jioni. Mtangazaji wa asubuhi msimguse kabisa. Watu huamka na sauti yake, nyimbo ni nyongeza tu.

Halafu waulizeni wateja wenu watatu wakubwa wa matangazo wanauza kwa nani, kabla hamjafuta hata wimbo mmoja.