Kizazi kipi, mwanangu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 63. Alitibiwa saratani ya titi na sasa anameza tamoksifeni. Nesi kamwambia dawa hiyo yaweza kumletea “saratani ya kizazi”, eti ni mambo ya homoni. Mama kajibu, “Kizazi changu kilikwisha zamani.” Kizazi ni kitu gani hasa? Na tuseme homoni au kichocheo? (Msomaji, Makorora, Tanga)

JIBU: Marahaba. La homoni, yaani kemikali ya mwili inayopeleka amri kwa viungo, ni jepesi. Asili yake ni Kigiriki, kitenzi cha kusukuma au kuchochea, na Mwingereza Ernest Starling ndiye aliyelitumia mwaka 1905. Kichocheo lingefaa, ila wanakemia wamelitwaa kwa kazi nyingine. Sema homoni.

Kinachonikaba koo ni hicho kizazi. Neno limetoka kwenye kuzaa. Hutaja watu wa rika moja, au uwezo wa mtu kuzaa: fulani hana kizazi. Mama yako kalielewa sawasawa. Kuzaa kumekwisha, basi kizazi kimekwisha. Aliyekosea ni aliyemwonya kwa neno lisilo na mahali pamoja mwilini. Sikiliza tunavyosema. Mwanamke kafunga kizazi: imefungwa mirija. Katolewa kizazi: umeondolewa mji wa mimba. Kapimwa saratani ya kizazi: umetazamwa mlango wa mji wa mimba tu. Neno moja, viungo vitatu, na mgonjwa aachiwe kubahatisha!

Shangazi yangu wa Ngamiani alipimwa kwa siki, akaambiwa, “Kizazi chako kizima, bibi.” Akarudi nyumbani kafurahi, akatuambia sote. Baadaye, hedhi ikiwa imekoma miaka mingi, akaona doa la damu kwenye kanga. Akaifua, akanyamaza. Likaja la pili, akanyamaza tena, miezi mitano mizima. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa mshangao wa kweli: “Si waliniambia kizazi kizima?” Siki hupakwa mlangoni, huko ndani haifiki. Ugonjwa wake ulikuwa ndani, kwenye utando wa mji wa mimba, na alipofika kwa daktari ulikuwa umekwisha kutoka nje ya mji. Ndiyo maana neno hili silisamehi.

Magonjwa hayo ni mawili, na chanzo ni mbalimbali. Saratani ya mlango huletwa na virusi vya papiloma, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Kwa ajili yake wasichana wetu wanachanjwa nchi nzima tangu 2018. Ile ya ndani ndiyo yenye mkono wa homoni. Homoni ya estrojeni huukuza utando, ya projesteroni huuzuia usizidi. Hedhi ikikoma, ovari, yaani vifuko vya mayai, hulala na projesteroni hupungua mno, lakini mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, nayo sasa haina wa kuizuia. Mwanamke mnene yumo hatarini zaidi kwa sababu hiyo.

Titi nalo, saratani zake nyingi hulishwa na estrojeni hiyo hiyo. Daktari George Beatson wa Uskoti alieleza mwaka 1896 kwamba kutoa ovari kulipunguza uvimbe wa titi kwa baadhi ya wagonjwa, hata kabla neno homoni halijaingia vitabuni. Tamoksifeni ya mama yako hukaa kwenye kitasa cha titi ili ufunguo wa estrojeni usiingie. Lakini dawa hiyo hiyo, ikifika kwenye utando wa mji wa mimba, hufanya kama estrojeni. Hatari yenyewe ni ndogo na faida ni kubwa, kwa hiyo asiache kumeza bila kuongea na daktari wake.

“Mlango wa kizazi” nimeshaukubali, umeandikwa kwenye kila bango na watu wanauelewa. Lakini mlango usidondoshwe njiani! Na nyumba yenyewe iitwe mji wa mimba, au mfuko wa uzazi, kama wasemavyo wakunga wetu.

Mwambie mama hivi, mwanangu, neno kwa neno: “Mama, dawa hii yaweza kugusa mji wa mimba kwa ndani. Ukiona damu, hata tone moja, hata kama ulishapimwa kwa siki, tunakwenda hospitali siku hiyo hiyo.”